Darius, Aliyewarudishia Wafugaji Picha Zao

Ndugu, jamaa, majirani wa Nyakabiga, na ninyi wageni wetu mlioshuka kutoka milima ya Bututsi tangu jana, karibuni, mimi ni Caritas, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na sauti ikikatika mnivumilie, maana huyu ndiye aliyenibeba mgongoni.

Marehemu Darius Nzeyimana alizaliwa hapa Nyakabiga tarehe 14 Machi 1957, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza mwaka 1971, akaanza sekondari akaiacha katikati, baba akakasirika hadi akakataa kula naye meza moja, ndipo Mzee Massoudi, aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko, akamchukua mwaka 1975 amfundishe kazi, Mungu amrehemu mzee yule, alimfundisha vizuri, ila alimfundisha picha za kitambulisho tu.

Mwezi wa Julai 1983 alipanda Bututsi, upande wa Rutovu, kupiga picha za wafugaji, akaanza na Mzee Bigirindavyi, akampiga picha ya uso na mabega kama alivyozoea, akampelekea picha huku akijisifu, lakini mzee akaitazama, akauliza Gaju yuko wapi, Gaju akiwa ng'ombe wake, kwa sababu kule mfugaji akipigwa picha bila ng'ombe wake ni mtu yeyote tu. Kaka yangu akarudi, akawapiga wote wawili, na safari hii, masikini, akakata pembe za Gaju huko juu ya picha, na kumkata ng'ombe pembe ni tusi, mzee akamrudishia karatasi yake, akampa maziwa anywe aende. Alipopanda mara ya tatu sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshajua kwamba hafuati pembe peke yake, na tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa na Epiphanie, binti wa mzee huyo, wakajaliwa watoto watatu, Joëlla, Bonfils na Divin.

Tangu hapo alijiwekea sheria, kila aliyempiga picha apelekewe ya kwake mkononi, na miaka ya vita, barabara zilipofungwa, alizitunza ndani ya mikebe ya maziwa ya unga, zilipofunguka akapanda tena, na kama mwenyewe ameshakufa akawapa watoto wake. Tulimcheka sana, tukamwambia kaka, utakufa njiani kwa ajili ya makaratasi, naye jibu lake lilikuwa lile lile, mutu akikupa sura yake, umurudishie.

Aprili 2020, maji ya mto Rusizi yalipoingia Gatumba, alikojenga mwaka 2002, filimu zake zote za miaka hiyo ziligandana kama ugali, hakuokoa hata moja. Tulimleta hapa kwangu, akakataa kushika kamera, akasema ameishi bure, na mimi nasema wazi, neno lile liliniuma kuliko mafuriko yenyewe. Epiphanie, bila kumwuliza, alituma habari makanisani kule juu kwamba filimu zimeharibika, na kabla ya Noeli watu wakaanza kushuka na picha zao, zimefungwa kwenye vitenge, zimeiva kwa moshi wa jikoni, zimejaa alama za vidole, wakamwachia, kaka yangu akazipokea moja moja akilia. Divin alizinakili zote, na hapo ndipo kaka alipoanza kutuhangaisha, zirudishwe kwa wenyewe, zirudishwe zote, asije akafa na picha ya mtu ndani ya nyumba.

Ugonjwa wa figo ulimshika Februari 2024, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na kila tulipoingia wodini aliuliza kwanza zimebaki za nani. Alitutoka Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, alfajiri, picha za familia kadhaa zikiwa bado hazijapelekwa, na hilo ndilo aliloondoka nalo mdomoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na maswali yake, majirani mliopika na kulala nasi kwenye matanga, na ninyi wapiga picha wenzake mliofunga studio zenu leo, asanteni sana.

Jana Divin aliwapa wageni wetu wa Rutovu picha zilizobaki, wakakataa kuziweka mfukoni, wakasema Darius alikuwa mgeni wao miaka yote, hawakumwacha hata siku moja aondoke peke yake, walimsindikiza hadi barabara kubwa, na leo pia watamsindikiza. Kwa hiyo tukitoka hapa, ninyi mtatangulia mbele ya jeneza, picha zenu mikononi, sura zikitazama mbele, na wazazi wenu waliokwisha kufa watatembea pamoja nasi.

Kaka, ndani ya nyumba hakuna picha ya mtu iliyobaki, nimehakikisha mwenyewe, sasa pumzika kwa amani.