Migomba Niliyoikata Ikiwa Mizima

Bwana asifiwe, wapendwa. Namshukuru mchungaji kwa nafasi hii, na nawashukuru wenzangu waliotoka Buhembe asubuhi kuja kunisindikiza hapa Izigo. Mimi si msemaji. Jeshini nilizoea kujibu nilichoulizwa, basi. Leo nitasema hata nisichoulizwa, maana kunyamaza kumetugharimu sana nyumbani kwetu.

Ndugu zangu, mnanifahamu. Nilikuwa askari. Nilipelekwa nchi jirani kulinda amani, na huko, kwenye njia iliyopita katikati ya msitu mnene, tulivamiwa. Waliokuwa mbele yangu hawakurudi. Mimi nilirudi bila mkwaruzo, nanyi mkanipokea kwa heshima zote. Mkanipa kahawa ya kutafuna, mkanimiminia rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkasema pole na safari, waitu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ndivyo tulivyolelewa, mtu aliyetoka vitani haulizwi. Mlidhani mnanipumzisha.

Sasa nyumba zetu mnazijua. Ukitoka mlangoni, uko mgombani. Kwa Mhaya hiyo ndiyo raha yenyewe. Lakini mimi kila majani makavu yalipochakarika nilisikia watu wanatambaa. Mke wangu Adventina akidondosha mfuniko wa sufuria, mimi tayari niko chini kifudifudi, mbele ya watoto. Niliwaamuru watoto waimbe wakitoka shule, kuanzia njia panda mpaka mlangoni, ili nijue ni wao. Waliimba, maskini. Majirani wakasema watoto wa yule askari wana furaha sana.

Asubuhi moja nilichukua panga, nikaanza kukata migomba iliyoizunguka nyumba. Nilitaka kumwona anayekuja. Na hapa nawaruhusu mcheke, siku hizi nacheka hata mimi. Mlidhani kibanja changu cha migomba kimeingiwa na ule ugonjwa wa mnyauko! Mkaja na mapanga yenu kunisaidia. Mkakata, mkafukia, mkanipa pole. Bwana shamba akanisifu mbele ya mkutano kwamba mimi ni mkulima wa mfano, nisiyeuonea huruma mgomba mgonjwa. Nami nikazipokea sifa.

Mtu mmoja tu hakushika panga, naye ni baba. Aliinama akatazama shina nililolikata. Mgomba wenye mnyauko ukiukata hutoa utomvu wa njano, na ule ulitoa maji safi. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kukaa mahali pake barazani, mgongo ukutani, uso njiani, kama alivyokaa tangu nimzoee. Sikuelewa chochote.

Ule uwazi haukunitosha. Nilikimbilia kisiwani Goziba, kwenye kambi za wavuvi, kwa sababu kule unauona mtumbwi ungali mbali. Nikawa nashona nyavu na kunywa. Simu za Adventina niliacha kuzipokea. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ziwa linichukue, watu waseme ni ajali.

Wakati huo ndipo ulipokuja mtumbwi umembeba mzee ameshikilia ubao kwa mikono miwili. Alikuwa baba yangu, asiyejua kuogelea, mtu ambaye hata Muleba mjini haendi bila sababu. Alikaa kando yangu juu ya jiwe, akapumua, akasema, "Migomba ile ilikuwa mizima."

"Najua, tata."

"Mimi nilipotoka vita vya Kagera niliambiwa niwe mwanaume, ninyamaze. Nimenyamaza mpaka nimezeeka. Unafikiri kwa nini sijawahi kuipa njia mgongo? Twende, mwanangu. Mchungaji anasema Bukoba wapo wanaotibu mambo haya."

Nilikua nikisikia watu wakimwita baba mvivu, kwa sababu haingii ndani ya kibanja na mama ndiye aliyelima peke yake. Hata mimi niliamini, kumbe aliiogopa migomba kama mimi. Nililia pale juu ya jiwe, wavuvi wakinitazama, na sikuona aibu.

Mchungaji wetu, Mungu ambariki, alituombea, kisha akatupeleka yeye mwenyewe kliniki. Hakutuambia tuchague kati ya sala na dawa. Muuguzi aliniuliza mimi kwanza, halafu akamgeukia baba. "Na wewe mzee, unalalaje?" Baba alizungumza mpaka wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi wakaanza kunung'unika. Nilianza dawa, nikaanza kukutana na kikundi cha askari wenzangu pale Buhembe, tukisimuliana yaliyotupata. Baba naye alikuja. Mwanzoni alikaa karibu na mlango, baadaye akasogea katikati yetu.

Namshukuru Mungu aliyenirudisha. Lakini sitawadanganya kwamba sina majuto. Baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo kabla migomba mipya tuliyoipanda haijazaa, tukamzika palepale nilipokata ile ya zamani. Alikuja kuonja usingizi mzuri uzeeni, wakati angeweza kuupata akiwa kijana, kama angetokea mtu wa kumuuliza. Mama alikufa bila kujua aliishi na mtu wa namna gani. Na mimi nilimpata baba yangu alipokuwa anaondoka. Hayo hayarudi, ndugu zangu, hata niombe namna gani.

Dawa bado nameza, na kushtuka bado nashtuka. Watoto sasa wakiimba, wanaimba kwa kupenda. Kama nyumbani kwako yuko aliyetoka vitani, usimpe kahawa tu ukanyamaza. Muulize analalaje. Mlete mbele za Bwana, na umlete Buhembe pia, tutakaa naye.

Migomba yetu imefunga tena, njia huioni kutoka mlangoni. Jioni nakaa barazani kwenye kiti cha baba. Nimekigeuza. Sasa kinatazama kaburi lake, na njia iko mgongoni mwangu.