Seli za Fundi Cherehani

Nilikaa nyuma yao ndani ya basi, na masikio yangu sikuwa na pa kuyapeleka. Mwanamke mwenye kitambulisho cha maabara shingoni alikuwa akimweleza jirani yake, mzee aliyevaa koti linalompwaya, kazi anayoifanya: kuotesha seli za njia ya hewa kwenye visahani, kisha kuzipulizia moshi wa sigara ili waone saratani inavyoanza.

"Marehemu mke wangu alitoa seli zake alipopasuliwa hapo hospitalini kwenu," mzee alisema. "Alikuwa fundi cherehani."

Mwanamke alimgeukia. "Majina hatupewi, baba. Ila zipo tunazoziita za fundi cherehani."

"Ziko hai?"

"Zinaendelea vizuri tu."

Hilo "vizuri" nadhani alilijutia kabla halijamtoka lote.

"Mama watoto hakuwahi kuvuta," mzee alisema. "Hata ndugu zangu wakiwasha sigara, aliwatoa nje. Leo nyie mnampulizia?"

"Si yeye, baba. Ni seli tu. Na alikubali mwenyewe."

"Alikubali kusaidia. Moshi aliukubali lini?"

"Tukiacha, hatutajua ugonjwa unaanzia wapi."

"Mimi najua ulipoishia. Nipeni nikazizike."

"Siwezi, baba."

Kondakta alitangaza kituo cha hospitali mara mbili. Mwanamke akainuka, mzee naye akainuka, akamzibia njia.

"Na leo mtazipulizia?"

"Leo pia," alijibu, macho yake yakiwa chini.

Basi likasimama. Mzee akampisha, kisha akashuka nyuma yake.