Foleni Isiyo na Watu

Risala ya Kikundi cha Wagonjwa Wenye Miadi kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Afya, siku ya kukabidhiwa cheti cha kumaliza foleni. Imesomwa na Katibu wa kikundi, ambaye ni kinyozi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Afya, Daktari wetu, Nesi wetu, Mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Mama, na wagonjwa wenzetu, mliopona na mnaoendelea:

KARIBU

Sisi wanakikundi tunayo furaha kukukaribisha katika kituo chetu cha afya. Tunajua kazi zako ni nyingi na ungeweza kumpa mtu yeyote atuletee cheti. Umekuja nacho mwenyewe, na tumeona kina fremu. Ahsante sana.

Kabla hatujaenda mbali, tunakuomba radhi kwa vile viatu. Ulipoingia getini ulikuta ndala, makubazi, ndoo moja na jiwe, vimepangwa mstari mpaka mlangoni. Msaidizi wako alijikwaa kwenye jiwe, akauliza, "Kwani kuna msiba humu ndani?" Mlinzi akamjibu, "Hapana, bosi. Hiyo ni risala. Itasomwa." Mlinzi hakukosea, na tutafika huko.

HISTORIA

Zamani kituo hiki kilikuwa na foleni. Tunasema zamani, lakini hata watoto wa chekechea wanaikumbuka. Utaratibu ulikuwa kwamba anayewahi ndiye anayetibiwa, basi tukawa tunawahiana. Mtu anafika alfajiri, anavua ndala zake, anaziweka kwenye mstari, halafu anakwenda kuketi pembeni au anarudi nyumbani kuandaa watoto. Ndala zinakaa badala yake. Mstari ukisogea, aliye nyuma anazisogeza kwa mguu. Asiyetaka kubaki pekupeku aliweka ndoo, na asiye na ndoo aliokota jiwe.

Tulikuwa na heshima zetu. Ndala za mtu hazirukwi. Unaweza kugombana na jirani yako juu ya ukuta wa uani mpaka mkanuniana mwaka mzima, lakini ndala zake utazisogeza.

Mume wa Mama Mwenyekiti alikuwa fundi viatu pale kona. Asubuhi moja alikuja kifua kikimbana. Akaweka ndala zake, akaenda kuegemea ukuta. Sisi tulikuwepo. Kila mstari uliposogea tulizisogeza, wala hatukuchoka. Manyunyu yalipoanza, mmoja wetu alizifunika kwa mfuko wa plastiki zisilowe. Zilipofika mlangoni, dada wa mapokezi akaita, "Mwenye ndala!" Akaita tena. Tukaenda kumwamsha, maana tulidhani amesinzia.

Ndala zilifika, mwenyewe hakufika. Hakuna aliyeruka nafasi yake, na utaratibu wote ulifuatwa.

Baada ya mazishi Daktari akatangaza mabadiliko. Foleni basi. Kila mtu atapiga simu, atapewa miadi, atakuja saa yake. Akifika ataanza na Nesi, na Nesi ndiye atakayeona nani aingie kwa Daktari na nani apewe dawa aende zake. Mheshimiwa, lilizuka zogo. Fundi Baiskeli, ambaye leo ni Mweka Hazina wetu, alisema, "Miadi ni mambo ya wachumba. Homa yangu mimi haipigi simu kabla ya kuja." Kesho yake ndala zikapangwa kama kawaida, na Daktari akawa anatoka mlangoni anaviambia viatu virudi nyumbani.

Ndipo alipokuja Mama. Alikuwa bado na nguo za msiba. Akasimama mlangoni, akasema, "Mume wangu alikufa akiwa na nafasi nzuri sana kwenye foleni. Nani anaitaka?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu wa kwanza kuinama na kuokota ndala zake alikuwa Fundi Baiskeli. Kikundi kiliundwa siku hiyo. Wengine walitaka tukiite Afya Tele, ikaonekana tutachekwa.

MAFANIKIO

Mwanzoni Daktari alituogopa. Alidhani tumekuja kulalamika, kwa hiyo aliingia kikaoni na Nesi awe shahidi. Tulipomuuliza, "Daktari, tukusaidie nini?" alituomba tuketi, ingawa tulikuwa tumeshaketi. Tangu hapo tunakutana stoo, katikati ya maboksi ya glavu. Yeye anatuambia kinachotaka kubadilika kabla hakijabadilika, na sisi tunamwambia mtaani watasemaje.

Kwa mfano, alitaka kubandika tangazo kwamba wagonjwa wasio wa dharura watahudumiwa na Nesi. Tulimshauri asilibandike, kwa sababu hapa kwetu hajazaliwa mgonjwa anayekubali kuwa si wa dharura. Tukaliandika upya: "Nesi anaanza. Daktari yupo." Likaeleweka siku hiyo hiyo.

Simu nayo ilitutoa jasho. Ukipiga inapokea sauti iliyorekodiwa, inakukaribisha, kisha inataka ubonyeze moja au mbili. Bibi mmoja wa mtaa wa nyuma alipokaribishwa alijibu, "Ahsante mwanangu, hamjambo hapo?" Akaambiwa abonyeze moja. Akasema, "Mimi mzima, ila miguu." Akaambiwa tena abonyeze moja. Alikata simu, akaja kutushitakia kwamba yule binti hana adabu hata kidogo, ukimsalimia anakutajia namba. Basi tukagawana mitaa. Kila mtaa una mwanakikundi anayepiga simu kwa niaba ya wazee, anawachukulia miadi, na siku yenyewe anagonga mlango kuwakumbusha. Asiyeweza kuja anasema mapema, nafasi yake anapewa mwingine. Yule bibi sasa anapiga mwenyewe. Bado anasalimia, lakini anabonyeza.

Tuliweka pia sanduku la maoni. Maoni ya kwanza yalikuwa neno moja: "Choo." Ya pili yalisema, "Choo, tafadhali." Ya tatu yalimsifu Nesi kwa upole wake, kisha yakamalizia na choo.

Matokeo umeyaona. Mtu anafika, anaketi, hata benchi halijapata joto anaitwa. Wa presha wanajua siku yao, wa sukari wanajua yao. Na anayekuja kifua kikimbana haulizwi amemfuata nani. Anapitishwa moja kwa moja kwa Daktari, na sisi wengine tunainua miguu apite. Wamepita kadhaa hivyo. Mmoja wao anakusomea risala hii.

Siku benchi lilipokuwa tupu kwa mara ya kwanza, Mama alikwenda akakaa peke yake katikati, akalia. Tulimwacha alie. Alipomaliza alilifuta benchi kwa mtandio wake, akatuuliza kwa nini tumesimama kama milingoti.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni mlango wa choo, ambao unafungika vizuri kwa nje tu. Mgonjwa huenda na ndugu yake wa kumfungia na kumfungulia. Asiye na ndugu huimba, ili ajulikane yumo.

Changamoto ya pili ni Daktari. Daktari mwenyewe ametusihi tusimtaje. Alituambia, "Jamani, mimi niacheni. Andikeni choo." Choo tumeshakiandika.

Mheshimiwa, hivi karibuni ofisi yako ilimtuma Bwana Mkaguzi. Alifika asubuhi, akakuta benchi tupu isipokuwa mzee mmoja ambaye haumwi kitu, huja kusinzia kwa sababu nyumbani kwake kuna wajukuu. Bwana Mkaguzi akamuuliza Mlinzi, "Wagonjwa wako wapi?" Mlinzi akasema, "Wapo kwao, wanasubiri saa zao." Bwana Mkaguzi akatazama benchi, akamtazama mzee, akasema, "Kumbe hapa hakuna kazi." Akaondoka bila kuingia ndani, ambamo Daktari alikuwa na mgonjwa, Nesi alikuwa na mgonjwa, na mwingine alikuwa chooni anaimba.

Sasa tumesikia kwamba mwisho wa mwezi Daktari anahamishiwa kituo cha ng'ambo ya barabara kuu, kwa kuwa kule kuna foleni inayofika kituo cha mafuta. Hapa atabaki Nesi, na Daktari atakuwa anapita akipata nafasi. Tumeelezwa pia kwamba uhamisho wake na cheti chetu vimetoka ofisi moja, wiki moja. Hatujui kama vilisafiri kwenye gari moja.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumesifiwa na maji hatujatia. Tunashangaa tu kuona mtungi unabebwa.

Hatuwaonei wivu wenzetu wa ng'ambo. Foleni yao tunaijua, tulishapanga kama hiyo sisi wenyewe. Wanahitaji daktari, tena jana. Tunachosema ni kwamba mkimtoa wetu, foleni itakuwa imehama tu, na baada ya mwaka mtatuletea sisi daktari na wao mtawapelekea cheti.

Juzi tulifanya kikao cha dharura. Fundi Baiskeli alisema, "Mtoto asiyelia hapewi titi. Turudishe foleni. Mheshimiwa akija akute watu mpaka barabarani, wengine wakohoe." Wengi wetu tuliunga mkono, na wawili walianza kufanya mazoezi ya kukohoa. Mama akagonga boksi la glavu, akasema, "Simsimamishi mgonjwa juani ili mkubwa amwone. Wa kwangu alitosha." Wale wawili wakaacha kukohoa. Kisha Fundi Baiskeli, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo, akauliza, "Mama, na ndala je? Ndala hazisikii jua."

Hivyo ndivyo tulivyofikia azimio. Zile ndala ulizozivuka pale nje ndizo wagonjwa waliomo kwenye miadi ya Daktari leo. Kila jozi ina mtu wake, na mtu yupo nyumbani amekaa mahali pazuri anasubiri saa yake. Ndoo ni ya mjamzito wa mtaa wa nyuma, ambaye miguu imevimba, viatu havimwingii. Jiwe ni la Mlinzi, ana miadi ya jino mchana na hawezi kulinda pekupeku. Bwana Mkaguzi alitaka kuona foleni, basi hiyo hapo. Siku zote ipo, ila tuliipeleka nyumbani ikapumzike.

MAOMBI

Risala hii haina ombi la fedha, na tunajua hilo linaweza kukushtua. Mlango wa choo tutaushughulikia wenyewe. Fundi Baiskeli anasema analo komeo la ndani, na tumeamua kumwamini.

Tunaomba wakaguzi wapige simu wapewe miadi kama sisi. Wakija saa yao tutawaingiza ndani, na wataanza na Nesi. Wakibonyeza moja watasikilizwa.

Na tunaomba utuachie Daktari. Hatuna namna nyingine ya kulisema, Mheshimiwa. Tumelijaribu kwa maneno makubwa, Mama akayakata yote.

HITIMISHO

Cheti tutakipokea kwa mikono miwili na tutakitundika juu ya benchi, mahali Bwana Mkaguzi hawezi kukikosa.

Ukitoka, tafadhali pita taratibu. Ndala za kwanza kabisa, zile zilizogusa kizingiti, zenye kisigino kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, hazina mtu nyumbani. Ni za fundi viatu; alizishona mwenyewe, na Mama amezileta leo kwa mkono wake. Sisi tunajua kusogeza ndala, Mheshimiwa, tulizisogeza zake mpaka mwisho. Hizi tumezifikisha mlangoni mara ya pili. Tunaomba safari hii zikute daktari, na wenye hizo nyingine wafike na miguu yao.

Mungu akujalie afya usituhitaji, na ukituhitaji akujalie miadi ya mapema. Awabariki Daktari na Nesi, awasimamie wenzetu wa ng'ambo, na amrehemu yule tuliyedhani amesinzia.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wagonjwa Wenye Miadi