Tope Lililoachwa Tupu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, msimamizi wa kitalu chetu cha mikoko anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye faili, ila ukilitaja hapa ofisini utaulizwa unamtafuta nani. Sisi tunamjua kama Bi Bamvua, jina la maji makuu ya kujaa na kupwa, kwa kuwa tangu aajiriwe hajawahi kuiheshimu saa ya ukutani. Maji yakipwa alfajiri, yuko kazini alfajiri. Yakipwa adhuhuri, usimtafute asubuhi. Maofisa utumishi watatu walijaribu kumbadilisha, na wote wameondoka wakamwacha.

Alianza kwa kujaza udongo kwenye viriba vya miche. Mwaka wa saba akakabidhiwa kazi kubwa ya kwanza: kupanda miche elfu kumi kabla wafadhili hawajafika. Msitu uliokatwa ulikuwa mbali, juu ya mkono wa bahari. Mbele ya ofisi palikuwa na tope pana, tupu, karibu na barabara, pazuri kwa picha. Akapanda pale.

Kufikia mwezi wa nne baada ya kupanda, miche yote ilikuwa imekufa, maana maji yaliifunika muda mrefu mno. Vikabaki vijiti vya alama kwenye tope lililokanyagwa. Ndege waliokuwa wakitua pale kila mwaka kutoka mbali, wakila minyoo na kaa wadogo, wakahama kwa misimu miwili. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiokota kome palepale, hakumlaumu hata kwa neno moja. Alimpitia tu mlangoni kila siku na kikapu kitupu, mpaka mwenyewe akaelewa.

Mkuu wa wakati huo alitaka ripoti iseme ni mawimbi. Bi Bamvua akaandika kwamba ni yeye: kwamba tope lile halikuwa tupu, ila hakuwa ameliangalia. Nusura kibarua kiote nyasi. Barua ya onyo ingali kwenye faili lake, na kila tulipotaka kuiondoa alikuja juu.

Vijiti kama arobaini aliviacha makusudi. Kila mwajiriwa mpya, awe mhasibu au dereva, siku ya kwanza hupelekwa pale. Mimi nilipelekwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilizama hadi magotini, nikapoteza kandambili ya mguu wa kushoto. Akaniuliza naona nini. Nikasema sioni kitu. Akaniacha nimesimama kimya, jua la utosi, mpaka kaa wakaanza kuchungulia mashimoni, kwanza mmoja, kisha tope zima likawa linatembea. Ndipo akasema sasa twende nikasaini mkataba.

Msitu wa juu umerudi, hekta tisini, na Bi Bamvua hazitaki sifa zake. Anasema yeye alibomoa tu tuta la zamani lililozuia maji, akakaa pembeni, mikoko ikajiotea yenyewe. Hilo ni kweli, ingawa tuta lile alilibomoa kwa miaka minne, kwa majembe ya kuazima. Wageni wake pia hatuwezi kuwasahau. Kuna ujumbe mmoja mzito uliopanda miche thelathini kichwa chini, miguu juu. Aliwashukuru kwa moyo mkunjufu, akalipungia mkono basi lao hadi likapotea, kisha akaigeuza miche mmoja mmoja.

Wiki iliyopita ililetwa barua kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeachiwa kitalu. Kampuni moja ilitaka kumuenzi Bi Bamvua kwa kupanda miche elfu kumi kwenye tope la mbele ya ofisi, na kuweka bango lenye jina lake. Nakiri niliipenda. Nilimpelekea nikitarajia machozi ya furaha. Aliisoma, akanirudishia, akasema meza hiyo sasa ni yangu, akaenda kwenye viriba vyake.

Siku tatu sikula vizuri. Kumkatalia mtu zawadi aliyomletea mama yetu huyu kuliniuma, na wafadhili hawaokotwi njiani. Siku ya nne nikavua viatu, nikaenda kusimama kwenye vijiti. Kaa walitoka. Barua ya kukataa imeondoka jana kwa saini yangu. Nimewaomba waje na majembe badala yake, tuta la pili linasubiri kule juu. Hawajajibu, na huenda wasijibu.

Asubuhi hii nimekuta kitu mezani pangu, hakina barua wala jina: kandambili ya mguu wa kushoto, kuukuu, imeoshwa ikatakata. Miaka kumi na mmoja ameitunza. Nililia, sioni haya kuliandika.

Bi Bamvua, asante kwa miaka yako na kwa kosa lako. Nenda kapumzike na wajukuu, maji yapwe na kujaa kwa saa uzitakazo wewe. Siku ukipita hapa, tope utalikuta tupu.