Asipite Mtu Nyuma Yako

Ndugu zangu, mwangaluka. Tangu mwezi uliopita naombwa nisimame hapa, na kila Jumapili nilikuwa natafuta sababu. Leo sababu zimeniishia. Majina sitataja, la aliyenikosea wala la aliyenisaidia. Ukimtambua mtu, baki naye moyoni.

Wengi mnanijua kama yule dada wa mpira wa ukutani. Skwoshi. Wapo waliodhani nauza juisi! Ni hivi: watu wawili mnaingia kwenye chumba cha kuta nne, mlango unafungwa, kila mmoja ana raketi, mnapokezana kuupiga ukutani mpira mdogo wa raba, kama ndimu. Katikati hakuna wavu. Mchezaji mzuri anasimama pale kati na kumwacha mwenzake ahangaike huko nyuma. Kwa hiyo mara nyingi kuna mtu mgongoni kwako anazungusha raketi, na wewe humwoni. Mlishike hilo, maana ndilo lililoniponza.

Nimezaliwa Mwamapalala, kwenye ng'ombe na pamba. Dar nilikwenda kufanya usafi kwenye klabu moja, na mchana wanachama wakiondoka nilikuwa naingia uwanjani na raketi iliyokatika nyuzi. Mwalimu wa pale akanifuma. Badala ya kunifukuza akasema, "Hebu rudia." Baada ya miaka michache nilikuwa nacheza mashindano ya kulipwa, Nairobi, Kairo, Johannesburg. Mimi, mchunga ng'ombe! Nilikula kwa mchezo ule, na nyumba ya mama ikapata bati.

Halafu nikaanza kufungwa. Mechi ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Nilipokuja likizo baba akasema hii si kawaida, kuna mtu. Akanipeleka kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, ng'ambo ya Nkololo. Mzee mpole tu. Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha akasema, "Mkifungiwa humo ndani, asipite mtu nyuma yako. Akipita, anaondoka na nuru yako."

Ndugu zangu, nawaambia, wakati huo nilikuwa nimebatizwa na nimeshapanda ndege. Lakini neno lile liliniingia kama mwiba uliovunjikia ndani.

Sasa kwenye skwoshi utamzuiaje mtu asipite nyuma yako? Huwezi. Basi nikaanza kugeuka. Mpira ukienda nyuma, nageuza shingo nimwone mwenzangu anafanya nini. Mwalimu alipiga kelele hadi akakauka koo: "Usigeuze uso! Utapigwa jicho!" Ndiyo, mwalimu. Mpira unaofuata, nimegeuka tena. Na miwani ya kujikinga nilikuwa sivai, nikidai inanitia joto.

Ilikuwa Nairobi, mechi ya kwanza ya mashindano ya huko. Niligeuka, mpira ukanikuta jicho la kushoto. Maumivu sikuyasikia mara moja. Niliona wekundu, halafu kama pazia linashuka taratibu. Jicho la kulia nalo likajaa machozi, nikawa napapasa ukuta natafuta mlango, na kuta zote nikizigusa ni zile zile. Nilipiga mayowe. Mwenzangu alilia kuliko mimi.

Daktari alisema utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Nilipasuliwa mara mbili. Jicho hili mnaloliona zima linajua mwanga na giza, basi.

Na oneni akili ya mtu mwenye hofu. Kilichoniumiza ni kule kugeuka. Mimi nikasema, hapana, kuna mtu alipita nyuma yangu, mganga alisema kweli.

Nikarudi Mwamapalala. Nililala mgongo umegusa ukuta. Hapa kanisani nilikaa benchi la mwisho, mkadhani nina unyenyekevu! Kisimani niliwapisha watu wote, hata watoto. Kuku akipita nyuma ya kigoda changu, moyo unaruka. Mwalimu alipopiga simu kuniuliza kwa nini niligeuka, nilimjibu ni bahati mbaya. Miezi minane niliendelea kumjibu hivyo hivyo, na kila usiku nikifumba jicho hili la kulia niliogopa kwamba nikilifumbua sitaona.

Siku moja tunatoka kuteka maji, mama akasimama njiani.

"Ng'wanone, mwanangu, mbona hutaki mama yako atembee nyuma yako?"

"Hamna kitu, mama."

Akatua ndoo. "Basi hatuondoki hapa."

Nikamwambia yote, nimekaa chini kwenye vumbi, nalia kwa sauti. Akanisikiliza hadi mwisho, akajifunga kanga yake vizuri. "Mimi nimekubeba mgongoni miaka miwili," akasema. "Ulikuwa nyuma yangu kutwa nzima. Ulinichukulia nini?"

Nikainuka nikajipangusa vumbi, naye akajitwika ndoo.

"Haya, tangulia. Ukigeuka, tunarudi kisimani tunaanza upya."

Njia ile inapita katikati ya mashamba ya pamba. Mabua makavu yalikuwa yanavunjika nyuma yangu, na mimi sijui ni mguu wa mama au ni wa nani. Mama hakutoa neno, kwa makusudi. Shingo iliniuma kwa kuizuia. Nikageuka, tukarudi. Nikageuka tena, tukarudi. Safari ya tatu nilifika uani nimelowa jasho, mama akatua ndoo na kusema, "Kesho tena." Tulifanya hivyo hadi mvua zikaanza.

Ndipo nikampigia mwalimu nikamweleza ukweli. Nilitegemea acheke. Yeye akasema, "Njoo. Ila safari hii unavaa miwani."

Siku ya kurudi uwanjani, mlango ulipofungwa, wazee mnisamehe, nilijikojolea kidogo. Nilisikia dada niliyepangiwa kucheza naye anapumua mgongoni kwangu. Nilifungwa geimu tatu kwa moja, lakini sikugeuka hata mara moja. Nikacheza misimu minne zaidi kwa jicho moja, nikashinda za kushinda, na siku ya kuacha niliichagua mwenyewe.

Namshukuru mama. Namshukuru mwalimu, na yule mwenzangu wa Nairobi, ambaye hadi leo ananijulia hali. Baba naye, wabeja sana, baba. Ulinipeleka kule kwa kunipenda. Ulikuwa unaogopa na hukuwa na wa kumwambia. Funzo langu ni hilo tu, ndugu zangu: hofu mwambie mtu mapema, kabla haijakushika shingo.

Ningependa niishie hapo, mpige makofi. Lakini wiki mbili sasa jicho langu la kulia linaona vidoa vyeusi vinaelea, na pembeni mwanga unamulika kama radi ya mbali. Daktari aliwahi kuniambia nikiona hivyo nisichelewe hata siku moja. Nimechelewa. Hata mama hajui, ndiyo anasikia sasa hivi, na miguu yake haiwezi tena safari. Basi la kwanza la Mwanza linaondoka kesho alfajiri. Naogopa kwenda peke yangu. Nani atapanda na mimi?