Maisha ya Fundi Otto Challe, Aliyeshuka Ziwani na Mkewe

Ndugu waombolezaji, kabla hatujasoma tarehe, familia inaomba kila mmoja apige picha akilini ya ua mmoja wa nyumba hapa Songea mjini, mahindi yamefika kiunoni, na katikati ya mahindi kuna boti ya mbao imeinuliwa juu ya magogo, mbali kabisa na maji, mzee mmoja anaigongelea misumari huku wapita njia wakimwuliza kama mwaka huu mvua itakuwa ya gharika, wote wanacheka, naye anacheka nao, isipokuwa mama aliyesimama kwenye mlango wa jiko, ambaye hacheki, kwa sababu anajua kwamba siku boti ile itakapopata maji, yeye atakuwa ndani yake.

Mzee huyo ndiye tunayemsindikiza leo, fundi Otto Yohanes Challe, na mama huyo ni mke wake, Notburga, aliyeketi hapa mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Yohanes Challe na mama Ida, na kwa kuwa baba yake alikuwa mvuvi, alijua kupiga kasia kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lituhi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha akapanda milima kwenda Peramiho kujifunza ufundi wa magari, akahitimu mwaka 1973, na tangu Januari 1974 hadi alipostaafu Juni 2014 alikuwa fundi wa malori hapa Songea, na wengi mliopo mnakumbuka kwamba hakuwa mtu wa kushika spana kabla ya kuisikiliza injini kwanza, tena akitaka wengine wote wanyamaze.

Tarehe 10 Oktoba 1981 alifunga ndoa takatifu na Notburga Komba wa Maposeni, binti wa wakulima wa mahindi, ambaye tangu utoto wake aliogopa maji mengi, na wakati wa uchumba alimwambia wazi, "Kwetu maji yanakaa kwenye ndoo," naye marehemu akamjibu kwamba ziwa nalo ni ndoo, ila wameisahau nje. Mungu aliwajalia watoto wawili, Leo aliyezaliwa mwaka 1982 na Lidwina mwaka 1986, pamoja na wajukuu watano.

Alipostaafu, marehemu alikuwa na hamu moja tu, kumwonyesha mkewe bandari zote za utoto wake, moja baada ya nyingine, kabla magoti hayajakataa, ndiyo sababu ya ile boti, ambayo ilipakiwa kwenye lori hadi Mbamba Bay na kuteremshwa majini tarehe 3 Juni 2023, ikabarikiwa na padre, lakini haikupewa jina, kwa kuwa mama alisema kitu ukishakipa jina huna budi kukipenda.

Kwa misimu miwili ya kiangazi wakawa wanatembea, Mbamba Bay, Liuli, Ndumbi, Lituhi hadi Manda, wakipika ugali juu ya jiko la mkaa ndani ya boti na kulala chini ya turubai, na mama hakulivua jaketi lake la kuokolea hata usiku, mpaka wauza dagaa wa Liuli wakamtania, "Wifi, hilo ndilo gauni la harusi?" naye akawajibu, "La harusi nililivaa siku moja, hili silivui." Marehemu alijitahidi kumfundisha kuendesha injini, akamwonyesha namna ya kuongeza na kupunguza mwendo, lakini kuushika mkono wa injini alikataa, akisema kwamba anayeushika ndiye mwenye safari, na yeye ni msindikizaji. Lidwina alipomwuliza mama yake kwa nini basi anakwenda, alijibiwa, "Nikibaki nyumbani nitakuwa naogopa tu vilevile, halafu sina wa kumshika."

Jumanne tarehe 12 Novemba 2024 asubuhi waliondoka Ndumbi kurudi Liuli, mawimbi yakija kwa mbele na nchi ikiwa mkono wao wa kushoto, na walipokuwa wamekwenda mwendo mrefu, mkono wa kulia wa marehemu uliteleza kutoka kwenye injini, mdomo ukapinda, akaanguka kati ya mbao za kukalia, asiweze kusema. Wakati mama anamgeuza na kumwekea nguo chini ya kichwa, mvua ilishuka juu ya milima na kuifunika nchi yote, boti ikazunguka yenyewe, na alipoinua macho hakukuwa tena na mbele wala nyuma, na simu haikuwa na mtandao. Ndipo aliposhika, kwa mara ya kwanza, ule mkono wa injini alioukataa.

Mbali aliona moshi, mweusi, umesimama wima. Mtoto wa Maposeni anajua kwamba mwezi wa kumi na moja watu huchoma mabua kabla ya kupanda, na penye moshi wa shamba pana mwenye jembe, na penye mwenye jembe hapakosi baiskeli ya kumbebea mgonjwa, hivyo akaufuata moshi ule kwa moyo wote, akimwambia mumewe, "Baba Leo, vumilia, naona watu." Lakini kadiri alivyokaribia hakusikia harufu ya moto, na moshi ukaanza kulala na kutembea, nao moshi wa shamba hauhami shamba lake, na kabla hajaelewa, ulikuwa umekwisha kuwafikia, ukaingia puani, masikioni na mdomoni, ukiwa hai. Walikuwa ni wadudu wa ziwani, wale wadogo kuliko mbu wanaoinuka kwa mawingu kutoka majini mbali na nchi, ambao mtoto yeyote wa Lituhi angewatambua, na mumewe angewatambua kama angeweza kuinua kichwa. Alimfunika uso kwa kanga ili asivute wadudu, akakumbuka mumewe alivyomsimulia habari zao, akajua wapo katikati ya ziwa, na kwamba yeye ndiye aliyewafikisha pale.

Aliogopa, wala hafichi. Kisha akaielekeza pua ya boti kwenye mawimbi, kama ilivyokuwa asubuhi, akakumbuka nchi ilikuwa kushoto, akakata kushoto, akaenda bila kuona kitu mbele, akimgombeza marehemu njia nzima, "Umenileta mwenyewe, usiniache huku, mimi sijui njia," naye marehemu, kwa mkono wa kushoto uliokuwa bado na nguvu, akamshika kifundo cha mguu, asikiachie mpaka walipoifikia nchi na wavuvi wakaingia majini kuivuta boti.

Marehemu alitibiwa kwanza kule kando ya ziwa, kisha akaletwa Songea, akafariki dunia Alhamisi tarehe 21 Novemba 2024 saa kumi na moja alfajiri. Daktari alitueleza, mwanawe Leo akiwapo, kwamba damu iliyovuja kichwani ilikuwa nyingi tangu dakika ya kwanza. Hata hivyo mama hajapata usingizi, anauliza kama muda uliopotea kwenye wale wadudu ndio uliomchukua, na ni yeye mwenyewe aliyetaka habari hii isomwe mbele ya jeneza, asije akaisikia sokoni nusu nusu, ingawa tangu jana amekuwa akiogopa macho yenu kuliko alivyoogopa maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, ndugu Jeremia na wavuvi wenzake walioivuta boti na kumbeba begani, mafundi aliofanya nao kazi, jumuiya yetu, na majirani ambao hawajaacha moto wa hapa uani uzimike tangu siku ya msiba.

Fundi Otto, umefika, Bwana akupe pumziko la amani yake.

Nanyi wapendwa, mtakapopita kumpa mama Notburga mkono wa pole, tunawaomba kwa upole mkumbuke jambo moja tu, kwamba aliogopa njia nzima, na injini hakuiachia.