Marehemu Ansbert Gilarvan, Mtoto wa Sita Katika Daftari la Bwana Fransis

Mzee wetu Ansbert Gilarvan, tunayemsindikiza leo Jumatano tarehe 12 Juni 1957, alizaliwa mwaka 1914 kwa makisio. Familia inaomba radhi kwa neno hilo, maana yeye mwenyewe, karani aliyetaka kila kitu kiwe na tarehe, lilimkera maisha yake yote. Mwaka huo ulikisiwa na daktari wa jeshi aliyemfunua mdomo akatazama meno. Wazazi wake hawakujulikana, wala kabila, wala kijiji. Kinachojulikana ni kwamba Novemba 1918, homa ya mafua ilipokuwa inawamaliza watu waliosalimika na vita, aliletwa kwenye kambi ya wapagazi wa jeshi hapa Dar es Salaam. Waliletwa watoto wengi waliofiwa. Waliobaki hai walikuwa kumi na mmoja.

Msimamizi wa wodi alikuwa sajini mmoja Mwairishi, mtu wa Ayalandi, Bwana Fransis Gilarvan. Posho haikutolewa bila fomu, na fomu haikupokelewa bila jina la baba. Watoto hawa hawakuwa na baba wa kuandika, basi siku mbili nzima stoo ikawanyima maziwa. Siku ya tatu Bwana Fransis alikaa mezani akajaza fomu zote, na kila penye nafasi ya baba akaandika jina lake mwenyewe. Jioni ile watoto wakanywa maziwa ya kopo. Mwaka 1920 jeshi lilimrudisha kwao, watoto karibu wote wakakabidhiwa kwa mapadre, nao wakawabatiza kwa jina lililokuwa kwenye fomu. Ndivyo jina ambalo hata Ulaya kwenyewe lilikuwa adimu lilivyopata watu Temeke.

Katika wenzake wote, marehemu alishikamana na Apolonia, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kama miwili. Sababu aliificha miaka mingi. Alikuwa na kumbukumbu moja tu ya kabla ya kambi: yuko barabarani, amemshika mkono mtoto wa kike anayelia, na anaogopa kumwachia. Alijiaminisha kwamba mtoto yule ni Apolonia. Hakumwuliza mtu yeyote, akiogopa kujibiwa. Mtu akisema tu kwamba wamefanana masikio, Ansbert alikuwa na furaha mwezi mzima. Alimwita dada, naye akamwita kaka, na hakuna aliyewadai ushahidi.

Alisoma shule ya misheni tangu 1922 hadi 1930, akatoka na mwandiko mzuri na Kiingereza cha kutosha. Mwaka 1931 aliajiriwa kuwa karani wa stoo ya vifaa vya barabara, na hapo alifanya kazi miaka ishirini na tano. Majembe na matoroli hayakumpa shida. Jina ndilo lililomkosesha raha. Kila Mzungu mgeni aliyeliona kwenye orodha alitaka kujua kalitoa wapi, naye alijibu kama mtu aliyekutwa na mali ya watu. Mwaka 1938 alitumwa Morogoro wiki mbili, na telegramu ikamtangulia. Akakuta stesheni gari linamsubiri Bwana Gilarvan, na nyumba ya wageni imeandaliwa kuku mzima wa kuchoma. Mwenyeji alimtazama juu mpaka chini. Ansbert akaanza kuomba msamaha kwa kuitwa hivyo. Mpishi ndiye aliyemwokoa, akamwambia kuku keshachomwa na bandani harudi, basi aje amlie jikoni. Alimla amesimama, jicho mlangoni, na alituambia hakuonja hata chumvi.

Jumamosi tarehe 20 Januari 1934 alifunga ndoa na Jovina, binti wa mwalimu aliyetoka Bukoba. Shemeji yake Gozbert, anayesoma haya mbele yenu, alikuwepo siku ya posa na aliona kwa macho yake jasho linavyomtoka mtu. Baba mkwe aliuliza swali ambalo kwetu Bukoba lazima liulizwe: ukoo wenu ni upi, na mwiko wenu ni nini? Ansbert akasema, "Ukoo wetu ni Gilarvan. Mwiko wetu ni maziwa ya kopo."

Wazee waliinamisha vichwa kwa heshima, maana ukoo wenye mwiko ni ukoo kamili. Leo familia imekubaliana ukweli usemwe: aliubuni pale pale kwenye kiti. Lakini kwa miaka ishirini na tatu hakutia maziwa ya kopo kwenye chai yake, hata ugenini, hata akiwa mgonjwa, kwa hofu kwamba wakwe watapelekewa habari. Watoto wake watatu, Genoveva, Fransis na Bernadeta, wamekua hivyo hivyo, na sasa ukiwatilia wanatapika kweli.

Sasa tunafika mwaka 1954, mwaka uliomzeesha. Apolonia, ambaye mumewe alifanya kazi ya reli Tabora miaka yote, alikuwa amerudi na ujane wake akajenga Kipawa. Mwanawe Wilbert, fundi seremala, alimwona Genoveva kanisani akampenda, na Genoveva akampenda. Walikuwa hawajawahi kuonana. Ansbert alipaswa kusema neno siku ile ile barua ya posa ilipoletwa. Akifungua mdomo kusema Apolonia ni ndugu yake wa damu, hana uthibitisho. Akitaka kusema si ndugu yake, ulimi unamgoma. Akanyamaza, ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili jina la Gilarvan liliposikika mara mbili, upande wa binti na upande wa mama wa kijana, kanisa zima liligeuza shingo. Mama mmoja alimfuata padre sakristia akamwambia kaka na dada wanaozeshana watoto wao.

Padre alisimamisha ndoa. Kanisa haliozeshi watoto wa ndugu wawili bila ruhusa ya askofu, na kwa wakwe wa Bukoba hata ruhusa ya askofu isingefaa kitu. Alimwita Ansbert akamwuliza, "Apolonia ni dada yako wa damu au wa jina?"

"Padre, sijui," Ansbert alijibu. "Na sikutaka kujua."

Padre alipekua kitabu cha zamani cha ubatizo, akapata jina la parokia ya Bwana Fransis huko Ayalandi. Mwezi Februari marehemu aliandika barua. Alieleza habari ya fomu, akauliza kama kuna karatasi yoyote iliyobaki, na kwa kuwa alikuwa Ansbert, aliomba msamaha mara nne kwa kulitumia jina bila idhini. Aliogopa wenyewe wataliomba lirudi, na watu wote walioandikwa kwalo kwenye vyeti vya ubatizo, ndoa na shule watabaki hawana mbele wala nyuma.

Miezi saba alikwenda posta kila siku ya kazi. Alikonda. Genoveva aliacha kula meza moja na baba yake, akaona yeye ndiye anayemzuia. Jovina alimwambia aache wasiwasi, amwombe Mungu. Akamjibu maneno ambayo Jovina ameruhusu yasomwe leo: "Nitaombaje, Jovina? Nikiomba mtoto aolewe, naomba dada yangu asiwe dada yangu. Sina mwingine mimi."

Barua ilifika tarehe 21 Septemba 1954. Hakuifungua. Aliitia ndani ya shati, akapanda baiskeli mpaka Kipawa, akamkuta Apolonia anamenya mihogo uani. Wakaifungua pamoja, naye akaisoma akimfasiria.

Ilitoka kwa dada wa Bwana Fransis, Bi Brijida, mwenye miaka sabini na minane. Alisema kaka yake alifariki mwaka 1931, hakuoa, na mpaka mwisho aliwataja watoto wake kumi na mmoja, watu wakadhani homa imempanda kichwani. Alieleza kwamba jina lile halikupata kuwa na watu wengi. Lilikuwa la parokia yao moja tu, maana yake mtumishi wa mtakatifu, na wazee wao walisimulia kwamba wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa mtoto mchanga aliyeokotwa mlangoni pa watawa, asiyejulikana baba yake. Kama ni kweli au ni masimulizi tu, hakujua. Njaa na safari za Amerika ziliwapunguza, na sasa amebaki yeye peke yake. Hakudai jina lirudi. Aliuliza tu: ninyi huko mko wangapi?

Ndani ya barua mlikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la Bwana Fransis. Marehemu aliusoma kwa sauti. "Namba sita. Mvulana, miaka minne hivi. Ameokotwa barabara ya Kilwa, upande wa Mbagala, kando ya mama yake aliyekufa. Ameshika mkono wa msichana mdogo, hataki kumwachia. Wamefanana mno, bila shaka ni ndugu yake. Msichana amefariki siku ya tatu." Chini yake: "Namba tisa. Msichana, miaka miwili. Mama yake amefia wodini kwetu. Hana ndugu."

Kitabu cha ubatizo kilifuata namba hizo hizo, na namba tisa alikuwa Apolonia.

Apolonia aliweka kisu chake chini. Halafu akasema, "Basi watoto waoane."

"Waoane," alisema Ansbert.

"Na mie?" akauliza Apolonia. Marehemu alituambia kwamba aliikokota baiskeli kutoka Kipawa hadi Temeke bila kukumbuka kuipanda, akimlilia mtoto aliyekufa miaka thelathini na sita iliyopita, ambaye hata jina lake hakuandikiwa.

Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 27 Novemba 1954, kesho yake Majilio yakaanza. Genoveva aling'ara, Wilbert alicheza mpaka kiatu kikafunguka. Ila kuna jambo hatukuliwaza. Kuanzia siku ile Ansbert na Apolonia walikuwa wakwe, na mkwe ana heshima zake: huketi naye mkeka mmoja, humtanii, huingii chumbani kwake. Aliyekuwa akiitwa dada akawa Mama Wilbert. Jumapili akija Temeke alipewa kiti cha peke yake, na Ansbert alimwamkia kwa mbali huku anatazama chini. Wote wawili waliumia, na kila mmoja alidhani mwenzake ndivyo anavyotaka.

Mwaka 1955 na mwanzoni mwa 1956 marehemu alizunguka kwa baiskeli kuwahesabu Gilarvan wote, ampelekee Bi Brijida jibu la swali lake. Alifika hadi Kimbiji, kwa Mwishehe, mmoja wa kumi na mmoja, aliyelelewa na Waislamu wa huko. Mwishehe alimwambia, "Jina hilo mie nalitoa nikikutana na serikali tu. Lakini maziwa ya kopo sinywi." Mwiko ulikuwa umeshafika Kimbiji kabla yake. Hesabu yote ilikuwa watu sitini na watatu. Aliwaandika mmoja mmoja kwa majina, akaipeleka posta Aprili 1956. Majibu hayajaja hadi leo, na hatujui kama ilimkuta bibi yule hai.

Mwezi Agosti mwaka huo moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akaacha kazi. Alitibiwa hospitali mara tatu, akarudishwa nyumbani. Mwezi uliopita hakuweza tena kulala chali. Apolonia alihamia hapa kuuguza, lakini kwa kuwa ni mkwe alikaa nje ya mlango wa chumba majuma matatu, akipika uji, akimpa Jovina aupeleke ndani. Mgonjwa alikuwa akiuliza kila saa nani yuko nje. Jovina akimwambia ni Mama Wilbert, alifumba macho. Juzi Jumatatu, mchana, hakuuliza. Aliita mwenyewe, kwa sauti ambayo sote sebuleni tuliisikia: "Dada, ingia."

Apolonia akaingia, akaketi kitandani, akamshika mkono, na hakuna aliyemkumbusha heshima za ukwe. Ansbert alilala usingizi, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi bila kushtuka. Alifariki jana Jumanne tarehe 11 Juni 1957, saa saba mchana, mkono wake ungali umeshikwa.

Wakati wa kuandika haya, Gozbert alimwendea Apolonia uani akamwuliza aandikwe vipi kwenye orodha ya wafiwa, mkwe au vinginevyo. Alisema, "Andika alivyoniita."

Marehemu ameacha mke, Jovina. Watoto watatu, Genoveva, Fransis na Bernadeta. Mkwe mmoja, Wilbert. Mjukuu mmoja, Ansbert mdogo, wa miezi kumi. Watu wa jina lake sitini na wawili, kuanzia Temeke na Mbagala hadi Kimbiji. Na dada yake, Apolonia.

Mungu amlaze pema na ampe amani, mzee wetu. Sasa apumzike.